Shimo Nyuma ya Nyumba ya Fundi Betri

Ndugu zangu, nisikilizeni kwanza ndipo mnihukumu. Najua mmezoea kunisikia nikisema ya wengine. Mtaa mzima unaniita Mama Redio, na jina hilo sikupewa bure. Mimi ni msusi, na mtu akikaa nimsuke, nywele zinapokwisha na mambo yake yote yamekwisha kutoka. Leo nasema yangu, na yangu hayanipendezi.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapoa. Nilikuwa uani kwa Mama Kwaya, jirani yangu, yeye ameketi kwenye mkeka na mimi nyuma yake juu ya kigoda, namsuka. Tulimwita Mama Kwaya kwa sababu ndiye aliyeongoza waimbaji kanisani kwetu, na akianzisha wimbo hata aliyekuja kusinzia anaamka. Binti yake wa miaka minne alikuwa anazunguka uani akitaja kila anachokigusa: ndoo, kamba, kuku, ufagio. Mtoto yule haishi kusema, ndiyo maana tukamwita Kengele. Bibi yake, mama mzazi wa baba yake, alikuwa anaanua nguo na kumwitikia. "Ndoo, Bibi." "Ndiyo, ndoo." "Kuku, Bibi." "Ndiyo, mwambie asinichafulie kanga." Nyumba ilitulia, ungependa kukaa pale mpaka usiku.

Saa kumi na moja mumewe akarudi kutoka kazini. Huyu tulimwita Fundi Betri. Kazi yake ilikuwa kufungua betri za magari zilizokufa, kutoa vile vyuma vya ndani, kuviyeyusha kwenye sufuria na kuviunda upya. Alikuwa anarudi na vumbi la kijivu mpaka kwenye kope. Bibi alipomwona aliacha nguo kambani, akaenda kusimama langoni.

"Usiingie hivyo. Zunguka nyuma, vua huko."

"Mama, hata salamu?"

"Salamu utaipata ukishaoga."

Kengele alikuwa ameshatoka mbio kumkimbilia baba yake. Bibi akamdaka gauni. Mtoto akalia, akajitupa chini, na Mama Kwaya akashusha mabega chini ya mikono yangu.

"Unaona, dada? Kila siku ni hivi. Mtoto wangu hawezi hata kumkumbatia baba yake."

Nikaendelea kusuka, lakini masikio yakasimama. Nilipomaliza kusuka nikaaga, nikapita njia ya nyuma ambayo si yangu. Uzio wao ulikuwa wa mabati, na mabati yale yana nafasi. Nikachungulia. Nikamwona Bibi akizichukua nguo za mwanawe kwa kijiti, hazigusi kwa mkono. Akazitia kwenye beseni jeusi lililowekwa peke yake, mbali na mengine. Akazifua. Maji hakuyamwaga mferejini kama watu wote. Alikuwa amechimba shimo nyuma kabisa ya nyumba, akayamimina humo, akafukia, akakanyaga udongo kwa miguu miwili. Na muda wote midomo yake inacheza.

Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Sasa nitawaambia kwa nini neno hilo lilinitoka upesi hivyo. Nyumba ile ilikuwa imepigwa. Mama Kwaya alikuwa amepoteza mimba, na Bibi alikuja kumtunza baada ya hapo. Ikaja ya pili, ikafika mwezi wa tano, nayo ikatoka, wiki mbili tu kabla ya Jumamosi ile. Fundi Betri alikuwa anashikwa na tumbo mpaka anajikunja. Kengele naye alikuwa mweupe wa macho, hali vizuri, choo kwa shida. Na hawa ni watu wa namna gani? Ni watu wanaofunga na kusali, wanaofagia kanisa bila kuambiwa. Mama Kwaya siku ya tatu baada ya kupoteza mtoto alikuja ibadani akaimba.

Hilo lilitutisha. Nasema ukweli mbele ya Mungu. Kama mwanamke yule anapigwa hivyo bila sababu, basi mimi ninayechelewa ibada na kuongeza chumvi kwenye kila habari nitapona kwa lipi? Ilibidi sababu iwepo. Ikiwepo, mtu analala. Tukimpata mwenye kosa, sisi wengine tuko salama.

Kikundi chetu cha maombi cha akina mama kilikuwa na desturi yake, tukiiita kukagua nyumba. Familia ikiandamwa na shida tunakwenda sisi saba, tunapita chumba kwa chumba, kisha kila mkaaji anasimama katikati yetu na kuulizwa mara tatu amefungua mlango gani kwa adui. Anayelia na kutubu tunamwombea. Anayegoma, basi mlango ndiye yeye. Mchungaji hatukuwa tukimwambia. Tulijua angetukataza, na hilo peke yake lingetosha kutufumbua macho, lakini wapi.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti wetu kesho yake baada ya ibada. Nikamweleza beseni, kijiti, shimo na midomo. Akaniuliza, "Alikuwa anasema nini?"

"Sikusikia. Lakini alikuwa ananong'ona."

"Mtu wa Mungu ananong'onea shimo?"

Nikatikisa kichwa. Sikumwambia kwamba na mimi nikisali peke yangu nanong'ona.

Tulikwenda Jumatano. Mama Kwaya alisimama katikati yetu akalia, akatubu hasira aliyowahi kuwa nayo kwa dada yake. Fundi Betri akatubu uvivu wa kusali. Kisha akaitwa Bibi. Akaja na kanga yake kiunoni, mikono bado ina sabuni.

"Mama," akasema Mwenyekiti, "maji ya nguo za mwanao unayamwaga shimoni?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Naogopa mtoto asiyakanyage. Kuku pia wasinywe."

"Yana nini hayo maji?"

Bibi akafikiri. "Sijui," akasema.

"Huyajui, lakini unayaogopa?"

"Vumbi lile silipendi. Lilimkaa marehemu mume wangu. Nimemwambia mwanangu, ananiona mzee."

"Mara ya tatu nauliza, yana nini?"

"Nami nasema, sijui."

Ndugu zangu, neno hilo moja ndilo lililomhukumu. Angedanganya angepona. Angelia kidogo, akasema shetani alimpitia, tungemkumbatia na kumwimbia. Sisi saba tulitazamana. Mwenyekiti akamgeukia Fundi Betri, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba adui wa mtu huwa hatoki mbali.

Mtu mwenye akili angeuliza: mimba ya kwanza ilitoka kabla Bibi hajahamia hapa, alifanyaje akiwa kwake? Hakuna aliyeuliza. Shuku haihesabu siku. Ikishaingia ndani hujipikia na kujipakulia.

Mama Kwaya akaanza kumpikia mtoto peke yake na kufunika sahani. Kengele akimkaribia Bibi anaitwa kwa sauti kali. Bibi akishika kikombe, kikombe kinaoshwa tena. Haya sikuambiwa na mtu, niliyaona, maana nilikuwa nakwenda pale karibu kila siku, na ile nafasi kwenye mabati sikuiacha. Kila jioni nasimama, kila jioni namwona na beseni lake, na midomo inacheza. Siku moja aligeuka akatazama upande wangu. Nikabana pumzi. Akaendelea kufua.

Wiki ya tatu Fundi Betri akamwambia mama yake aende akapumzike kwa binti wa marehemu dada wa Bibi, upande wa pili wa mji. Kupumzika, hilo ndilo neno alilotumia. Bibi akafunga vitu vyake kwenye kitambaa kimoja. Langoni akamwambia mkwewe, "Mwanangu, zile nguo za kazi usizichanganye." Mama Kwaya akamvuta Kengele ndani. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia, najifanya natafuta hereni iliyodondoka.

Kikundi tulimshukuru Mungu kwa wimbo. Na kwa wiki chache nyumba ikaonekana kuchanua. Fundi Betri akirudi, Kengele anamrukia na vumbi lake lote, anapakatwa, ananyonya vidole vilivyoshika ukosi wa shati uliojaa vumbi. Mama Kwaya alikuwa anacheka. "Angalia, dada, mtoto amepata baba." Nguo zote zikaingia beseni moja, za baba, za mtoto, na shuka. Lile shimo walilifukia, mtoto akawa anachezea udongo wake.

Mwezi wa pili Kengele akaanza kukosa maneno. Anashika ndoo, anaitazama, anaiacha. Niliona, nikajiambia anakua, watoto wakikua wanatulia. Mwezi wa tatu alikuwa halali vizuri, anatapika, anaanguka akitembea. Sisi tukaja kukagua tena, safari hii tukamuuliza Mama Kwaya kama kuna kitu cha yule mama kimebaki ndani. Tukapata kanga moja. Tukaichoma.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilisikia ukelele ambao sitausahau. Nilipofika, Kengele alikuwa sakafuni anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Fundi Betri alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Mama Kwaya alimbeba, mimi nikashika miguu yake midogo, tukasimamisha gari la kwanza lililopita.

Daktari hakuuliza nani ametenda dhambi. Aliuliza, "Baba wa mtoto anafanya kazi gani?"

Mama Kwaya akamwambia. Daktari akaacha kuandika. Akamtazama mtoto ufizi, akaagiza damu ipimwe, na baba aitwe apimwe naye. Majibu yalipotoka akatukalisha. Ndani ya betri za magari, akasema, kuna madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini halitoki upesi. Linashika tumbo, linakausha damu, kwa mtoto mdogo linapanda kichwani. Linaingia nyumbani na nguo, viatu na nywele za anayefanya kazi hiyo.

"Na mimba?" Mama Kwaya akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, siyo ile ninayoijua.

"Huenda," daktari akasema. "Sitakuambia kwa hakika. Lakini huenda."

Kengele akaanzishiwa dawa. Ilikuwa haijulikani kama ataamka na akili yake, na mimi ndiye niliyekaa na mama yake kwenye benchi la ukumbi. Akaniuliza nilichokuwa naogopa kuulizwa. "Dada, nimeimba tangu nikiwa msichana. Nimefunga. Sijamwibia mtu. Kwa nini Mungu aliniacha nikamlishe mwanangu sumu kwa mikono yangu?" Mimi, Mama Redio, mwenye jibu la kila kitu, nikaenda kumtafutia maji ya kunywa.

Kesho yake afisa afya, mwanamke mfupi mwenye daftari, alikuja kuikagua nyumba. Ukaguzi wa kweli huo. Mama Kwaya akamwacha mtoto kwa wauguzi aje kumfungulia, nikafuatana nao.

"Nguo za kazi za mzee anafua nani?"

"Mimi," Mama Kwaya akasema. "Pamoja na zetu."

"Tangu mwanzo?"

"Hapana. Tangu mama mkwe aondoke."

"Yeye alikuwa anazifuaje?"

Mama Kwaya akanigeukia. Ikabidi niseme mimi, maana ndiye niliyekuwa na ushahidi wote. Nikaeleza kijiti, nikaeleza beseni, nikampeleka nyuma nikamwonyesha pale palipokuwa na shimo. Kila nilichokuwa nimekisema kwa Mwenyekiti nikakisema tena, neno kwa neno, na safari hii nikakisikia.

Yule afisa akasimama akitazama ardhi. "Huyu mama alifundishwa na nani?" akauliza. "Shimo si dawa, sumu inabaki udongoni. Lakini kutenga nguo, kumvulisha mtu nje, kumzuia mtoto, mwaka mzima nazunguka nawafundisha watu hayo na hawanielewi. Bila yeye mtoto angeanguka zamani. Yuko wapi nimsalimie?"

Mama Kwaya alikaa chini palepale, kwenye udongo.

Wiki iliyofuata, Kengele alipofumbua macho na kumtambua mama yake, tulikwenda sisi watatu, mimi, yeye na mumewe, kumtafuta Bibi. Tulimkuta kwenye chumba cha kuwekea magunia ya mkaa, amekaa mlangoni ili apate mwanga, anachambua mchele wa wenye nyumba.

"Shikamoo, Mama," Fundi Betri akasema, akachuchumaa mbele yake.

"Marahaba. Mtoto yu hai?"

"Yu hai."

"Anasema?"

Wakatazamana. "Kidogo," Mama Kwaya akasema, akapiga magoti, akaeleza yote akilia: hospitali, damu, yule afisa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua. Kisha akaweka ungo chini.

"Baba yake huyu," akasema, akimwonyesha mwanawe, "alikuwa akiyeyusha vyuma chakavu. Mikono ikamlegea mpaka hawezi kushika kijiko. Watu walisema karogwa. Wengine wakasema kamkosea Mungu. Mimi niliona kitu kimoja tu: kazi ikisimama, anapata nafuu. Akirudi na vumbi, anaanguka. Zaidi ya hapo sikujua. Na nyinyi mliniuliza nikasema sijui."

Mama Kwaya akamuuliza lile swali lake, kwa nini Mungu aliacha. Bibi akamshika kichwa.

"Mwanangu, hata mimi nimemuuliza. Tangu nilipomzika mume wangu namuuliza. Hajanijibu. Lakini hajaniondokea pia. Humu kwenye mkaa alikuwepo."

Nikaona zamu yangu imefika. "Bibi," nikasema, "mimi ndiye niliyepeleka maneno. Nilikuwa nakuchungulia."

"Najua. Nilikuwa naona viatu vyako vyekundu chini ya mabati."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Kila siku?"

"Kila siku, saa ileile. Nilikuwa nikimwaga yale maji nasema, Bwana, mimi sijui hiki ni nini, wewe unajua, kiondoe mbali na mtoto. Nikiona viatu, nafarijika. Nilidhani una aibu kuingia, nikajua tunasali wawili."

Hakusema kwa kunisuta, ndugu zangu. Angenisuta ningepata pa kushika.

Bibi alirudi siku ileile. Fundi Betri sasa anavua na kuoga hukohuko kazini, nguo zile hazivuki lango, na pale nyuma walikuja watu wa afya wakauondoa udongo wote. Kengele amebaki na mkono mmoja unaotetemeka, na daktari amesema darasani atachelewa kuliko wenzake. Hilo halikuondoka kwa wimbo wala kwa machozi. Jana nilimkuta uani na bibi yake. Alishika ndoo, akaitazama muda mrefu, midomo ikitafuta. Bibi akangoja. Mimi nilikuwa nataka kumtajia, nikauma ulimi.

"Ndoo," akasema mtoto.

"Ndiyo," Bibi akaitikia. "Ndoo."

FUNZO

Muumini huteseka kama mtu yeyote. Vumbi haliulizi umebatizwa wapi. Mwana wa Mungu mwenyewe hakuwa na kosa, na msalaba aliubeba, basi anayewaambia kwamba kila mwenye shida ana dhambi iliyofichika anajitafutia usingizi wake mwenyewe, kama nilivyofanya mimi. Jirani akipigwa, kabla ya kuuliza kosa lake uliza kazi yake, maji yake, chakula chake, mpeleke hospitali, na sala iende naye njiani. Kabla ya kufunga mlango angalia unamfungia nani nje, maana sisi tulimtoa yule mmoja aliyekuwa anamkinga mtoto. Na usione haya kumwambia Mungu na watu kwamba hujui. Bibi alisema hajui, akafanya alichoweza. Sisi tulijua kila kitu, tukachoma kanga.

Kikundi chetu bado kipo. Kukagua nyumba tumeacha, Mchungaji ameambiwa yote, na Mwenyekiti alikwenda kwa Bibi peke yake, waliyozungumza sijayauliza. Siku hizi nyumba ikiwa na msiba au ugonjwa tunakwenda, tunateka maji, tunaosha vyombo, tunakaa. Mimi nimepewa sharti langu, saa nzima ya kwanza nisiseme neno. Inaniua, lakini nakaa.